Tupeane uzoefu: maboga makubwa, Pwani tunasia mbegu lini na mche tunauhamisha lini?

Mwana wa Ganda (mleta uzi)
Wadau, salaam. Nimepata mbegu za Atlantic Giant, yale maboga ya mashindano aliyoyaendeleza Howard Dill kule Nova Scotia, Kanada. Kila maelekezo ninayosoma ni ya watu wa baridi: sia ndani ya nyumba mwisho wa Aprili, mche utoke nje Mei barafu ikishakoma, ua lichavushwe Julai, boga livunwe Oktoba. Sisi Malindi barafu hatuna, tuna masika na pepo zetu. Waliowahi kupanda, leteni kalenda. Ya kusikia kwa jirani nimeshachoka nayo.

Bi Mkubwa wa Jilore
Mwanangu, wao wanakimbia baridi, wewe unakimbia vitu viwili: mvua ya Mei na joto la kaskazi. Mche mchanga ukikutana na masika unaoza shingo, hapo penye udongo. Na boga likiwa linanenepa Januari au Februari, usiku wenyewe una fukuto, halipumziki, linakomaa upesi likiwa bado dogo.

Mimi nasia mwanzo wa Juni, mvua ikishaanza kulegea. Mche unaingia shambani kabla Juni haijaisha, ua jike linafunguka karibu na Agosti, halafu boga lina miezi ya ubaridi mbele yake. Tangu kuchavushwa linataka siku 80 hadi 100 za kunenepa, kwa hiyo hesabu ianzie kwenye ua, urudi nyuma hadi kwenye mbegu. Ila uwe na maji, maana Agosti mvua za kutegemea hakuna. Mimi niko karibu na mto Sabaki, nashukuru.

Shamba Hindi, Lamu
Naunga mkono. Nilijaribu za vuli, nikasia Oktoba. Mmea ulitambaa vizuri mno, majani kama miavuli, ila maua jike yakawa yanageuka manjano na kudondoka kabla hayajafunguka. Joto likizidi huwa hivyo, unabaki na madume tu. Vuli nimeiachia maboga ya kienyeji ya kupika na nazi, yale hayana maringo.

Jirani wa Magofu, Gede
Kalenda zote sawa, lakini tumbili wa huku hawazisomi.

Msabaha Miche
Kuhusu kuhamisha, wengi wanachelewa. Wanangoja mche uwe na majani manne matano ndiyo wauone umekomaa, kumbe mzizi mkuu umeshagonga kitako cha chombo na kuanza kujizungusha. Boga halisamehe mzizi uliovurugwa.

Navyofanya: mbegu naisugua kingo kwa msasa taratibu, ile ncha siigusi, nailoweka saa chache, kisha naifukia kina cha kama sentimita mbili na nusu. Inataka udongo wa nyuzi 28 hadi 32, na huku kwetu kivulini unaupata bila mitambo. Siku ya nne au ya tano inachomoza. Yale majani mawili mazito ya mwanzo usiyahesabu. Subiri jani halisi la kwanza, lile lenye kingo za mikunjo na manyoya ukilipapasa. Likishatanda na la pili linachungulia, hamisha. Kwa kawaida ni siku 10 hadi 14 tangu kusia.

Chombo natumia magome ya mgomba, nayazungushia na kufunga kwa ukili. Unayafukia yote pamoja na mche, yanaozea hukohuko, mzizi haujui kama umehama. Kifuu cha nazi nakikataa, ni kifupi na hakiozi.

Jingine: mtambaa huwa unaelekea upande ulio kinyume na jani halisi la kwanza. Basi wakati wa kusi mimi jani nalielekeza kusini, mtambaa uende kaskazini upepo ukiusukuma kutoka nyuma. Ukiuelekeza dhidi ya upepo utabinuliwa na kuvunjika ukiwa bado laini.

Nahodha Mstaafu, Shela
Kwa sisi wa mchanga: samadi ya punda Lamu ni ya bure, lakini ioze miezi kadhaa ndipo uijaze shimoni. Mbichi inaunguza mizizi. Na maji ya kisima yenye chumvi usimpe mche kabisa. Wangu wanakunywa ya mvua kutoka jabia, birika la kuwekea maji, hadi wakae sawasawa.

Mwana wa Ganda
Ahsanteni sana, shikamoo Bi Mkubwa. Basi nasubiri Juni. Nafasi niache kiasi gani, na mche ukishahamishwa unataka kivuli?

Bi Mkubwa wa Jilore
Marahaba. Shina moja lipe mita sita kwa sita, na uache boga moja tu juu yake, hata roho ikuume kuyakata mengine. Usitarajie hayo ya tani moja na zaidi ya Ulaya na Marekani, wao kiangazi chao jua linawaka saa 15 au 16, letu ni 12 mwaka mzima. Likihitaji watu wawili kulibeba, tuite tuje tule.

Msabaha Miche
Kivuli ndiyo. Hamisha jioni, umwagilie, kisha simamisha kuti upande wa magharibi kwa siku tatu nne. Jua la asubuhi liachie lipite.