Mrejesho: Dozi ya pili ya chanjo ya surua mkoani kwetu
Mwaka jana niliuliza kwa nini, katika mkoa ninakoshughulikia takwimu za afya, watoto wengi hupata dozi ya kwanza ya surua kisha wasirudi kwa ya pili, ilhali Shirika la Afya Duniani hutaka kila dozi iwafikie angalau asilimia 95 ya walengwa. Wengi mlijibu kwamba wazazi hupuuza (nami naona wazazi husingiziwa mno), lakini mmoja alinishauri nitazame kichupa chenyewe, na huyo ndiye aliyelenga. Chanjo hiyo ya unga ikishachanganywa na kimiminika chake hutupwa baada ya saa 6, kwa hiyo wahudumu, wakihofia kupoteza kichupa cha dozi 10 kwa ajili ya watoto wawili, waliwaambia akina mama warudi siku nyingine.

Sasa mkoa umeelekeza kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na upotevu huo huzingatiwa katika maagizo ya robo mwaka bila mhudumu kuhojiwa. Wanaokamilisha wameongezeka waziwazi. Vinavyosuasua ni vituo vya pembezoni, ambako majokofu bado hayatunzi nyuzijoto 2 hadi 8 kwa uhakika. Majokofu ya sola yameombwa katika bajeti ijayo.