Mafundi wa meinfremu (zile kompyuta kubwa za taasisi), acheni kuwatupia watu herufi!

Jamani, hii imezidi. Mstaafu katoka Mambrui mpaka Malindi mjini kufuata pensheni yake, anafika kaunta anaambiwa, "Bachi ya usiku ime-ABEND, S0C7, subiri." Yaani kazi za usiku za kompyuta zimekatika njiani, na S0C7 ni msimbo wa kosa. Asubiri nini? Mhudumu naye anakariri tu alichoandikiwa na mafundi.

S0C7 haina miujiza. Programu ilikuwa inapiga hesabu, ikakuta mahali pa kiasi pana kitu kisicho namba, ikakatwa papo hapo. Mara nyingi ni nafasi tupu. Kwenye EBCDIC, mfumo wa meinfremu wa kuandika herufi kwa misimbo, nafasi tupu ni 40 (kwa heksadesimali), na COBOL, lugha ya programu hizi, ikihifadhi namba kwa COMP-3, yaani tarakimu mbili kila baiti, nusu-baiti ya mwisho lazima iwe alama: C ni chanya, D ni hasi, F haina alama. Sehemu iliyojaa 40 40 40 inaishia na 0, na 0 si alama. Kwisha kazi. Dawa yake ni kuisaka rekodi hiyo kwenye dampu (picha ya kumbukumbu programu ilipoanguka), kuirekebisha, kisha kuweka RESTART kwenye JCL (maagizo ya kuendesha kazi) kuanzia hatua iliyoanguka. Mwenye haraka akirudia kazi yote toka juu bila kukagua, kuna watu watalipwa mara mbili, halafu kesho wanaitwa wezi!

SD37 ndiyo inayoniudhi zaidi. Faili imejaa na aliyeandika JCL hakuomba nafasi ya ziada kwenye SPACE, kipengele cha kuomba nafasi ya diski. Huo ni uzembe wa mtu, lakini kaunta wanaambiwa "sistimu iko chini". Sistimu iko juu, bwana, inafanya kazi za wengine.

IPL ni kuiwasha mashine upya. DASD ni diski. RC ni msimbo ambao hatua hurudisha ikimaliza: 0 ni salama, 4 ni onyo na kwa kawaida kazi huendelea, 8 kwenda juu ndipo pa kuuliza. COND, sharti la kuruka hatua kwenye JCL, nayo inasomwa kinyumenyume: COND=(4,LT) ni kusema ruka hatua hii kama 4 ni ndogo kuliko RC ya hatua iliyotangulia. Hapo hata wakongwe hujikwaa, basi msimwambie mteja kabisa.

Mwambieni hivi: malipo yamesimama kwa sababu rekodi moja ina kiasi kibovu, pesa yako haijapotea, inarekebishwa, rudi saa fulani. Na hiyo saa itajwe.

Aliyetupiwa herufi nyingine aziweke hapa chini kamili, pamoja na namba ya mwisho. S0C4 ni kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa, na tiba yake ni nyingine kabisa.