Zelewski wa Lugalo ndo yule yule wa Pangani?

Mchunguzi_Tz:
Wakuu habari za jioni. Jana nilikuwa nasoma vita vya Abushiri, yule aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, nikakuta Pangani mwaka 1888 kuna Mjerumani anaitwa Emil von Zelewski, afu huku Lugalo kwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, mwaka 1891 napo kamanda aliyeuawa ni Zelewski. Ni mtu mmoja au ndugu? Na ndo huyo aliyemnyonga Abushiri?

kijana wa bweni:
Ndo huyo huyo mkuu, wenyeji walimwita Nyundo. Alimnyonga Abushiri, Wahehe wakalipiza.

Bi Mkubwa wa Pangani:
Mwanangu hapo umechanganya, aliyemnyonga Abushiri hapa Pangani Desemba 1889 ni Wissmann, kamanda wa jeshi la Wajerumani. Zelewski yeye ndo aliuwasha moto, maana kampuni ya Wajerumani ilikodishiwa pwani pamoja na ushuru wake na Sultani Khalifa wa Zanzibar, Agosti 1888 jamaa akaja kupandisha bendera ya kampuni, akamdharau liwali wa Sultani, na wazee wanasimulia aliingia msikitini na mbwa wake wa kuwinda tena ni siku za Idi ya kuchinja. Mbwa, msikitini, Idi! Hata asiyekuwa na habari na ushuru wa forodha siku hiyo alichukua panga.

Mnyalu Original:
Bi Mkubwa umemaliza. Kwetu Uhehe alikuja vile vile, kichwa hakijabadilika, njiani anachoma vijiji. Tarehe 17 Agosti 1891 msafara umejipanga mstari mmoja mrefu kwenye kinjia, bunduki wanasema nyingi hazikuwa hata na risasi ndani, mizinga imebebwa na punda, vijana wa Mkwawa wamelala kwenye majani na mikuki. Ikalia risasi moja ya ishara basi, dakika chache tu Wazungu 10 chini na askari zaidi ya 200, wengi wao Wasudani na Wazulu waliokodiwa. Nyundo mwenyewe alikuwa juu ya punda, inasimuliwa kijana mdogo tu ndo alimchoma mkuki wa mgongo.

kijana wa bweni:
Daah samahani Bi Mkubwa, nimerekebishwa 🙏

Mchunguzi_Tz:
Asanteni sana. Kwa hiyo Lugalo ni Iringa? Mi nimekaa Mwenge miaka yote najua Lugalo ni kambi ya jeshi na hospitali basi.

Mnyalu Original:
😂😂 Iringa mkuu, ukitokea Morogoro unapita hapo kabla hujafika mjini. Mnara upo, shuka uuone.