Waangalizi wa kimataifa: mkono wa nje ukiwemo, kura yenye mgogoro wanatusaidia kuilinda?

Wakili, Uyole (Mbeya)

Wadau, swali ni hili: pale nchi nyingine zinapoingilia uchaguzi (mkono wa nje), waangalizi wa kimataifa tuwakaribishe au tuwakatae? Nianze na jirani zetu wa ng'ambo ya Songwe. Malawi walipiga kura tarehe 21 Mei 2019. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya, Umoja wa Afrika, SADC na Jumuiya ya Madola walitoa taarifa za awali ndani ya siku chache, na kwa jumla walisifu: siku ya kura ilikuwa tulivu na mambo yalikwenda kwa mpangilio. Mei 27 Peter Mutharika akatangazwa mshindi kwa asilimia 38.57, Lazarus Chakwera akapewa 35.41. Februari 3, 2020 majaji watano wakiketi kama Mahakama ya Katiba wakaufuta uchaguzi huo wa urais. Walikuta karatasi za matokeo zimefutwa kwa wino mweupe wa Tipp-Ex na kuandikwa upya, nakala zimepokelewa mahali pa karatasi halisi, na nyingine hazina saini. Marudio ya 23 Juni 2020 yalifanyika katikati ya Uviko, bila misheni (timu za waangalizi) kubwa za nje, na Chakwera akashinda kwa zaidi ya asilimia 58.

Siwaiti waangalizi wale waongo. Walitazama kituturi na sanduku, na hapo kweli hapakuwa na shida kubwa. Kura iliharibikia njiani, baina ya kituo na ukumbi wa majumuisho, saa ambazo timu nyingi zimesharudi hotelini kuandika taarifa. Kwa hiyo mjadala wa "tuwakaribishe au tuwakatae" naona hautufikishi mbali. Cha kuuliza ni wamepangiwa kukaa wapi saa nane usiku.

Mdau wa Kasumulu (Kyela)

Kaka Wakili, umewahurumia mno. Mimi nasema waangalizi wa nje ni sehemu ya huo mkono wa nje wenyewe. Mfano upo. Kikundi kilichojiita AFRIC kilitokea kama waangalizi Zimbabwe na Madagascar mwaka 2018, kisha Msumbiji 2019. Aprili 2021 Marekani ikakiwekea vikwazo, ikisema ni chombo cha mtandao wa Yevgeny Prigozhin wa Urusi, mwenye kundi la mamluki la Wagner. Yaani kizibao kimeandikwa "mwangalizi", ndani yake yumo mtu aliyetumwa kupamba matokeo.

Na msiniambie wa Magharibi ndio malaika. Kenya, Agosti 2017, John Kerry, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani, alikuja na Carter Center, taasisi ya Marekani inayoangalia chaguzi, akausifu utaratibu wa tume na kuwataka wanaolalamika wafuate njia ya sheria. Wakaenda mahakamani kweli. Septemba 1 Mahakama ya Juu ikayafuta matokeo ya urais. Mshindi alikuwa ametangazwa huku fomu za matokeo (34A) za vituo zaidi ya 11,000 zikiwa hazijafika, na mahakama ilipoamuru seva za tume zikaguliwe, amri haikutekelezwa ipasavyo. Wageni wote wale hawakuliona hilo? Tulinde kura zetu wenyewe.

Wakili, Uyole (Mbeya)

Ndugu yangu, la AFRIC ni kweli tupu na nashukuru umelileta. Lakini kuwatofautisha inawezekana, na haihitaji kumjua mtu. Misheni ya kweli huwa imeridhia Azimio la Kanuni za Uangalizi wa Kimataifa, lililozinduliwa Umoja wa Mataifa tarehe 27 Oktoba 2005. Hutaja anayeilipa. Hutaja idadi ya vituo ilivyofika. Hutanguliza timu za muda mrefu, watu wawili wawili mikoani, wiki kadhaa kabla ya kura, na baadaye hutoa ripoti kamili yenye mapendekezo. Kundi linalotua Ijumaa, likapiga picha Jumapili na kupongeza Jumatatu, lipuuzeni.

Msoma Takwimu (Iringa)

Naomba tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Tanzania mwaka 2025 ilikuwa na vituo karibu 100,000. Chukua misheni ya watu 80, wawili kwa gari: timu 40. Timu ikijitahidi inafika vituo kumi kwa siku, kwa sababu kila kituo kinataka nusu saa hivi ya kujaza dodoso, ukiacha mwendo. Hivyo ni vituo 400, yaani asilimia 0.4. Tena si 400 vya bahati nasibu. Ni vile vya kando ya lami. Timu ya Njombe itazunguka Makambako na mjini. Vijiji vya Ludewa vya ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako baadhi hufikiwa kwa mtumbwi, haitaviona. Kwa hiyo mgeni akisema "vituo tulivyotembelea", hayo maneno mawili ndiyo ya kuyashika.

Kinachoweza kupima matokeo ya nchi nzima ni majumuisho sambamba. Mnachora sampuli ya nasibu, tuseme vituo 1,000 kwa nchi nzima, kila wilaya kwa uwiano wake. Kila kituo kinakuwa na mwangalizi mmoja wa ndani, mwenyeji, anayekaa tangu kufunguliwa hadi fomu inasainiwa, kisha anatuma namba zilizoandikwa kwenye fomu, zijumlishwe kando ya hesabu ya tume. Zambia waangalizi wa ndani wa CCMG, kundi la makanisa, walifanya hivyo Agosti 2021, na makadirio yao yakaoana na ya tume: Hakainde Hichilema asilimia 59, Edgar Lungu, rais aliyekuwa madarakani, chini kidogo ya 39. Pengo lilikuwa kubwa, namba huru zilikuwepo, na Lungu akayakubali matokeo.

Yanayoiharibu kazi hii nayajua vizuri. La kwanza ni kubadilisha kituo: kituo cha sampuli kiko ndani kabisa Makete, mtu anaona kero, anahamia cha jirani chenye barabara. Wakifanya hivyo watu hamsini, sampuli imekufa, maana vituo vya mbali vina tabia yake ya kupiga kura. La pili ni pengo dogo. Malawi 2019 wawili wa mwanzo walitofautiana asilimia 3.16. Kila makadirio yakiwa na kosa la asilimia 2 kila upande, huwezi kumtaja mshindi, na ukimtaja unachochea moto. La tatu, majumuisho sambamba hunakili fomu. Kama kura za ziada ziliingia sandukuni kabla ya kuhesabu, fomu itazibeba na wewe utazithibitisha. Ndiyo maana Kenya 2017 makadirio ya ELOG, kundi la waangalizi wa ndani, yaliendana na ya tume na bado mahakama ikafuta. Mahakama haikuwa inauliza nani kashinda tu, ilikuwa inauliza kama njia iliyotumika inakaguliwa.

Dada wa Njombe Mjini

Kaka zangu, mnazungumzia sanduku kana kwamba mkono wa nje unaingia kwa kupitia sandukuni. Tazameni Romania. Novemba 24, 2024 Călin Georgescu, ambaye wengi hawakumtarajia, aliongoza duru ya kwanza ya uchaguzi wa urais kwa karibu asilimia 23, huku akitangaza kwamba hakutumia hata senti kwenye kampeni. Mahakama ya Katiba ikaamuru kura zihesabiwe upya, na Desemba 2 ikayathibitisha matokeo. Siku mbili baadaye rais wa nchi akaziweka wazi nyaraka za usalama: akaunti kama 25,000 za TikTok zilizochangamka ghafla wiki mbili kabla ya kura, na mashambulizi zaidi ya 85,000 kwenye mifumo ya kompyuta ya uchaguzi. Desemba 6 mahakama ile ile ikafuta kila kitu. Hesabu ilikuwa sahihi, uchaguzi ukafutwa! Mwangalizi wa kituoni angeona nini pale?

Na Moldova, Oktoba 2024, kura ya maoni ya kuingiza shabaha ya Umoja wa Ulaya katika katiba ilipita kwa asilimia 50.35. Polisi walisema wapigakura zaidi ya 130,000 walitumiwa fedha na mtandao wa Ilan Shor, tajiri aliyeikimbia nchi na baadaye kuhamia Urusi. Kwa hiyo misheni inayokuja bila mtu wa kufuatilia matangazo ya mitandaoni na mtu wa kufuatilia fedha za kampeni, miezi miwili kabla, imekuja kutalii.

Ila hapa nina hofu ya upande wa pili pia. "Mkono wa nje" ni kisingizio kitamu kwa kila serikali inayotaka kufungia watu. Romania yenyewe ililaumiwa kwamba ushahidi uliowekwa hadharani ulikuwa mwembamba kuliko uzito wa uamuzi. Anayedai kuingiliwa atuoneshe akaunti, miamala na tarehe.

Mzee wa Tukuyu

Wanangu, mmesema vizuri, lakini mmesahau mlango. Malawi na Kenya karatasi iligeuka ushahidi kwa sababu kulikuwa na mahakama ya kuipokea. Kwetu ibara ya 41(7) ya Katiba inasema mgombea urais akishatangazwa na Tume, hakuna mahakama ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Julai 15, 2020 Mahakama ya Afrika, pale pale Arusha, iliamua katika shauri la wakili Jebra Kambole dhidi ya Tanzania kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Ibara bado ipo.

Baada ya uchaguzi wetu wa Oktoba 29, 2025 SADC walitamka katika taarifa ya awali kwamba katika maeneo mengi wapigakura hawakuweza kudhihirisha utashi wao wa kidemokrasia. Umoja wa Afrika nao ukasema uchaguzi haukukidhi misingi yake. Haya ni maneno mazito, na yametoka kwa Waafrika wenzetu, si kwa wazungu, Mdau wa Kasumulu. Lakini wakili ataipeleka wapi taarifa hiyo?

Mdau wa Kasumulu (Kyela)

Mzee wangu, shikamoo. Hapo nimekuelewa, na la ibara hiyo nakuunga mkono moja kwa moja. La wageni bado sijakubali. Kama maneno mazito ya SADC hayakubadili kitu, basi gharama ile ingelipa mafunzo ya mawakala wa vyama vituoni.

Wa Mpakani (Tunduma)

Marahaba ya mzee mtaipata, ngoja niseme la mawakala, maana wengi hufundishwa kukaa tu. Asubuhi, kabla sanduku halijafungwa, aandike namba za lakiri zote. Jioni azilinganishe kabla hazijakatwa. Kituo kikifungwa, karatasi zisizotumika zihesabiwe kwanza. Jumla ya kura sandukuni ilingane na majina yaliyowekewa alama daftarini: zikizidi hata tano, aandike malalamiko hapo hapo, kabla ya kusaini. Kwenye fomu asome tarakimu na maneno, kwa sababu anayegeuza 117 kuwa 717 mara nyingi husahau kubadili maneno. Kosa likisahihishwa, likatwe kwa mstari mmoja unaosomeka na wote wasaini pembeni. Nakala yake asiiachie. Ile inayobandikwa ukutani aipige picha, namba ya kituo ionekane.

Halafu mtu wa pili, si yule yule aliyechoka, aifuate fomu hadi majumuisho na kuilinganisha na kinachosomwa. Chama kingi hushindwa hapa: kina watu vituoni, ukumbini hakina mtu.

Dada wa Njombe, kuhusu simu, intaneti ilizimwa siku ile ya kura 2025, na yeyote aliyetegemea kutuma picha alikwama. Mpango uwe na ujumbe mfupi wa kawaida: namba ya kituo, kura za kila mgombea, zilizoharibika, kisha jumla. Jumla ndiyo mlinzi, ikikataa kuoana na zilizotangulia, ujumbe unarudishwa kabla haujaingia kwenye hesabu. Na mtandao wote ukifa, nakala inasafiri kwa bodaboda hadi kwa mtu aliyetajwa mapema, kwa saini ya aliyetoa na aliyepokea.