Mchumba anasema rozari ni upagani, nimjibuje?

Binti_wa_Parokia
Wakuu, habari zenu. Mimi ni Mkatoliki, mchumba wangu mlokole. Mengine yote tunaelewana, ila akiiona rozari mkononi mwangu anakunja uso. Anasema shanga za kusalia zilitoka kwa Wahindu, halafu ananisomea Mathayo 6:7, "msipayuke-payuke". Nikamwambia Bikira Maria mwenyewe alimkabidhi Mtakatifu Dominiko rozari. Akacheka, akauliza imeandikwa wapi. Naombeni ushauri kabla hatujafika kwa wazazi.

Kisiki
Bora umeyajua sasa. Ndoa hiyo ina kesi kila jioni.

Mzee wa Maktaba
Kisiki, acha hizo.

Dada, hiyo ya Dominiko usiifanye ngao. Alifariki 1221, na maandishi ya enzi zake hayataji rozari. Aliyevumisha hadithi hiyo ni Alan de la Roche, mtawa wa shirika la Dominiko aliyefariki 1475. Hata mapapa wakaikariri, kwa hiyo si wewe tu.

Ilivyokuwa ni hivi: watawa walisali Zaburi zote 150. Waumini wasiojua kusoma wakawa wanasali Baba Yetu 150 badala yake, na hesabu ya namna hiyo huwezi kuishika kichwani, ndipo kamba ya shanga ikaingia kazini. Karne ya 13 Paris ilikuwa na vyama vya mafundi wa shanga hizo, waliotumia mifupa na pembe, wengine marijani na kaharabu. Polepole Salamu Maria ikachukua nafasi. Mwanzoni mwa karne ya 15 mtawa wa shirika la Wakartusi huko Trier, Ujerumani, akaambatanisha Salamu Maria 50 na vipengele 50 vya maisha ya Yesu. Na yeye jina lake Dominiko, Dominiko wa Prussia! Mkanganyiko ukapata pa kushikia. Papa Pius V aliidhinisha rasmi rozari mwaka 1569, na matendo ya Mwanga ("matendo" ni matukio tunayoyatafakari tukisali) yameongezwa na Yohane Paulo II mwaka 2002 tu.

Kokoto
Wahindu na Wabudha wana shanga 108, kweli, na ni za zamani kuliko zetu. Ila mtu yeyote anayerudia sala atatafuta cha kuhesabia. Palladius, mwandishi Mkristo wa kale, anasimulia mmonaki wa Misri, Paulo, aliyesali sala 300 kwa siku: anaweka kokoto 300 mapajani, kila sala anatupa moja. Huyo naye alifundishwa na Wahindu?

Abu Salha
Mimi Muislamu, napita tu. Hata kwetu wapo wanaosema tasbihi ni bidaa, yaani uzushi katika dini, uhesabu kwa vidole. Ubishi huu si wenu peke yenu.

Mlokole Halisi
Nitasema ukweli ingawa ni upande wa mchumba wako. Hoja ya Wahindu ni nyepesi. Pete ya uchumba aliyokuvisha ilivaliwa na Warumi wapagani. Ya kurudia pia haisimami: Zaburi 136 inarudia "fadhili zake ni za milele" mara 26, na Gethsemane Yesu alisali mara ya tatu kwa maneno yaleyale (Mathayo 26:44). Kinachotukwaza ni kumwambia Maria "utuombee". Mpatanishi ni mmoja, 1 Timotheo 2:5. Jiandae kwa hilo, shanga ni kisingizio.

Binti_wa_Parokia
Asanteni. Sasa nianzie wapi? Akianza kunukuu mistari huwa ninanyamaza.

Mzee wa Maktaba
Usianze na mistari. Mwambie asikilize fungu moja tu, Salamu Maria kumi. Nusu ya kwanza ya Salamu Maria ni Luka 1:28 na 1:42, atakubali. Nusu ya pili ni sala ya Kanisa, iliingia kwenye breviari ya Roma, kitabu cha sala za mapadre, mwaka 1568. Mwambie hivyohivyo, usiitafutie mstari. Na usimwambie matendo yote 20 yameandikwa kwenye Injili, maana kwa Kupalizwa Maria mbinguni na Kuvikwa taji atakubana.

Mlokole Halisi
Chagua Alhamisi, siku ya matendo ya Mwanga: ubatizo Yordani, arusi ya Kana. Hapo hana pa kubishia.

Binti_wa_Parokia
Na nikifika "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu"?

Mlokole Halisi
Itikia mwenyewe. Yeye anyamaze, usimgeukie kumtazama.