Tupeane uzoefu: tangi lako la kwanza la samaki wa maji baridi, Unguja na Pemba

Mkaazi wa Kikwajuni (mwenye uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwezi huu watu watatu wameniuliza suala lile lile: "Samaki wangu wamekufa wote ndani ya wiki moja, nimekosea wapi?" Video tunazoangalia wengi wetu zimetengenezwa na watu wa nchi za baridi, kitu cha kwanza wanachokwambia ununue ni hita. Sisi na joto hili, hita ya nini? Basi tuwekeane hapa yaliyotupata wenyewe, kwa maji yetu na umeme wetu.

Naanza mimi. Tangi langu la kwanza lilikuwa la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, lita 54. Samaki nilikwenda kuwanunua Dar, goldifishi wanane, nikarudi nao kwa boti ya mchana nimewapakata kwenye mfuko. Nikajaza tangi maji ya kisima jioni ile ile, nikawatia. Usiku ule nyumba nzima tulikaa ukumbini tunawatazama. Siku ya tatu maji yakawa meupe kama yametiwa tui. Siku ya nne samaki wote wako juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Nikadhani njaa, nikawaongezea chakula. Siku ya sita alibaki mmoja, na binti yangu, wakati ule darasa la pili, hakugusa chakula cha usiku.

Baadaye ndiyo nikafahamu. Mavi ya samaki na chakula kilichobaki huoza na kutoa amonia, nayo inaunguza matamvua ya samaki. Wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao hawaji na maji. Wanaota polepole kwenye sponji ya kuchujia maji, mchangani na kwenye kioo, na huchukua kiasi cha wiki nne hadi sita kutosha. Tangi jipya linalong'aa halina hata mmoja.

Kwetu kuna la zaidi. Kisiwa hiki ni jiwe la matumbawe, na maji ya kisima yanapita kwenye jiwe hilo. Angalia ndani ya birika lako la chai, ule ukoko mweupe ni chokaa. Maji ya namna hiyo pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, inapanda, kwangu mimi inasoma 8. Kipimo kile kile cha amonia kinachoweza kuvumilika kwenye pH 7, ukikipeleka kwenye pH 8 sehemu yake iliyo sumu kali inakuwa karibu mara kumi. Joto nalo linaizidisha. Kwa hiyo haraka ambayo mtu wa nchi nyengine anaweza kuifanya akapona, hapa inaua.

Mara ya pili nilijaza tangi, nikawasha filta ya sponji, nikakaa wiki tano bila samaki. Kila baada ya siku mbili natia chakula kidogo kioze humo, kiwalishe bakteria. Nilinunua vipimo vya matone vya kupimia maji. Amonia ilipanda, ikashuka, nitriti ikapanda, ikashuka. Zote mbili ziliposoma sifuri nikatia wanne tu wa wale samaki wadogo waitwao gapi. Hakufa hata mmoja.

Na goldifishi sikununua tena. Wale wadogo tunaouziwa wanakua hadi kupita sentimita 20, lita 54 ni jela kwao.

Mama wa Wete

Waalaykum salaam mwanangu. Kwangu ni gapi na wenzao moli tu, mwaka wa saba huu. Wanapenda maji haya haya yenye chokaa, wanazaa wenyewe, sijahangaika kubadilisha pH na sishauri mtu ahangaike. Nilikojifunza kwa machungu ni kwenye kubadilisha maji. Siku moja saa saba mchana nilifungua bomba linalotoka kwenye tangi jeusi la juu ya bati, nikatia ndoo mbili bila kutia mkono kwanza. Maji yalikuwa ya moto kama ya kuogea mzazi. Nilipoteza kumi na moja. Sasa nabadilisha robo ya maji kila Ijumaa asubuhi mapema, na maji nimeyachota tangu Alkhamisi yakakaa kwenye pipa.

Pipa lifunikwe kitambaa, vyenginevyo mtafuga mbu. Ingawa ndoo moja ndogo mimi naiacha wazi makusudi nyuma ya nyumba, viluwiluwi nawavua kila baada ya siku mbili kabla hawajaruka, gapi wanawapenda kuliko chakula cha dukani. Ukiwa mtu wa kusahau, usifanye hili. Homa ya dengi si mchezo.

Jengine ni la kwetu Pemba. Samaki akifika pa kufa, amelala ubavu, hali, usimtie chooni akiwa hai. Mafuta ya makonyo ya karafuu yana eujenoli, hata madaktari wa samaki huitumia kuwatia usingizi. Tia matone kadhaa kwenye chupa ya maji vuguvugu, utikise sana maana mafuta hayachanganyiki na maji, kisha umimine kidogo kidogo kwenye bakuli alimo. Kwanza analala, ukiongeza anaondoka akiwa usingizini. Chombo hicho kisirudi kwenye tangi.

Fundi vioo, Amani

Nimeshatengeneza matangi mengi, niseme ya kazi yangu. Kwa urefu wa sentimita 60 tumia kioo cha milimita 6, msimruhusu fundi akukatieni cha 4 kwa sababu ya bei. Silikoni, gundi ya kuungia vioo, iwe ile inayonukia siki, isiwe ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, dawa hiyo inaua samaki. Iache ikauke siku mbili kamili, au zaidi kama ni masika. Halafu jaza maji uani kwanza, ulale nalo usiku mmoja.

Lita 54 ni kilo 54 za maji, bado kioo na mchanga. Mteja wangu mmoja aliliweka kwenye kabati la vyombo la mkewe. Meza iwe sawa kwa pima maji, na chini ya tangi utandike sponji nyembamba, maana chembe moja ya mchanga chini ya kioo inatosha kukipasua. Lisiwekwe pa kupigwa na jua la dirishani. Utapata maji ya kijani wiki ya pili.

Mgeni wa Mwera

Samahanini, mimi nina wiki moja tu. Maji yangu ni ya bomba, yana harufu ya dawa. Na sponji naiosha kila siku ili maji yawe safi, lakini yanazidi kuwa na ukungu.

Mwalimu, Chake Chake

Mdogo wangu, acha kuosha sponji leo hii. Wale bakteria aliowaeleza kaka wa Kikwajuni ndiyo nyumba yao hiyo, na dawa ya bombani ni klorini, imewekwa kuua bakteria. Unawafuga usiku unawaua asubuhi. Sponji ikamuliwe mara moja kwa mwezi ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe, basi. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo pana iliyo wazi saa 24, klorini itaruka. Na mpaka ukungu uishe, lisha mara moja kwa siku, kile wanachomaliza kwa dakika mbili.

Nikiwa hapa niseme la umeme. Ukikatika, samaki hawafi kwa kiza, wanakosa hewa. Maji ya nyuzijoto 30 yanabeba oksijeni pungufu kuliko ya 20, na sisi miezi ya kaskazi tunafika huko ndani ya nyumba. Nina pampu ndogo ya hewa inayokula waya wa simu, naichomeka kwenye pawabenki, inakwenda usiku kucha. Na samaki wachache kwenye maji mengi watakusubiri muda mrefu kuliko wengi kwenye maji machache.

Mzee wa Michenzani

Mwalimu umenikumbusha. Unguja ilipokaa bila umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, mimi nilikuwa na tangi. Pawabenki hatukuzijua. Tulichota maji kwa kopo na kuyamimina kutoka juu yapige kelele, mara ishirini, kila baada ya saa mbili mchana, na usiku tukipokezana na marehemu mke wangu. Nilipunguza chakula kikawa mara moja kwa siku mbili. Walinusurika tisa katika kumi na tano. Kila nikiona pampu zenu hizi ndogo namkumbuka yeye na kopo lake.

Kijana wa Cheju

Shikamooni wakubwa wote. Ninyi mnafuata samaki Dar, mimi nataka kukuelezeni wa nyumbani.

Utotoni, masika ikishika, madimbwi ya bonde la mpunga yalikuwa yanajaa samaki wadogo, wa urefu wa kidole. Dume ana rangi ya samawati inayometa na mkia mwekundu wenye pindo jeusi, jike kijivu tu. Kiangazi bonde linakauka mpaka ardhi inapasuka. Mvua ikirudi, samaki wapo tena. Bibi yangu akisema wanashuka na mvua, na sisi tulimwamini, kwani wangetoka wapi?

Wanatoka kwenye tope. Wanataga humo, wazee wanakufa dimbwi likikauka, mayai yanalala ndani ya udongo mpaka maji yarudi. Wataalamu wanamwita Nothobranchius guentheri, alipewa jina hilo la kitaalamu mwaka 1893, na kwao asili ni kisiwa hiki cha Unguja peke yake. Wazungu wanamfuga majumbani mwao, wanapelekeana mayai kwa posta yakiwa kwenye udongo wenye unyevu. Mimi nililijua hilo nikiwa na miaka 24, nikiwa nimeshafuga na kuua samaki wa kununua mara mbili. Niliumia sana. Samaki wetu, na mimi sikuwa na jina lake.

Nilianza na dume mmoja na majike watatu, maana madume wawili kwenye tangi dogo hawapatani. Tangi lita 30, kifuniko lazima, wanaruka. Chini nimewawekea kopo lenye makumbi ya nazi yaliyochemshwa mpaka maji yake yakaacha kutoa rangi, na majani mawili makavu ya mti wa mkungu. Wanataga ndani ya makumbi. Kila wiki mbili nayatoa, nayakamua yabaki na unyevu kama wa tumbaku ya kusokota, nayafunga kwenye mfuko na kuandika tarehe. Baada ya kama miezi mitatu nayamwagia maji ya mvua. Mara ya kwanza nilimwaga baada ya Isha, alfajiri nikaamka, nikamulika kwa simu, nikaona macho. Vijisamaki vyenyewe havionekani, macho tu, yanakwenda huku na huku. Nilikwenda kumuamsha mama.

Wanahitaji chakula hai siku za mwanzo, na umri wao wote haupiti sana mwaka mmoja. Asiyeweza kuzoea kufiwa asiwafuge.

Ombi langu: msende bondeni na ndoo. Wawili watatu wanatosha kuanzia. Na Mama wa Wete, gapi wakizidi mpe jirani, nyote msimwage samaki wa kununua kwenye dimbwi lolote la Unguja. Gapi anakula vitoto vya wenzake. Bonde linalofukiwa kwa nyumba na dawa za mpunga zinawatosha kwa adui.

Mama wa Wete

Nimekusikia mwanangu. Wangu hawatoki nje ya uzio wangu.

Mkaazi wa Kikwajuni (mwenye uzi)

Kijana wa Cheju, tangu jana usiku nimesoma maneno yako mara nne. Nimezaliwa hapa na sikumjua samaki huyu. Binti yangu yuko kidato cha pili sasa, nimemsomea, amekwenda kuosha kopo. Tuje lini?

Kijana wa Cheju

Nina mfuko wa tarehe ya mwezi uliopita, bado unalala. Njooni vuli ikianza, muupokee mkononi. Yeye mwenyewe aumwagie maji.