Eti "gesi yenu imerudi nyumbani" na mtungi wenyewe MTUPU!! Huyu mzee anatuonaje??

Kibarua wa Mnazi Bay (mleta mada)

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nimeshika simu mikono inatetemeka na chaji iko asilimia 9, mkiona nimekatika mjue ndo hivyo.

Yule mheshimiwa mnamjua. Simtaji, sina hela ya wakili na mtoto wangu bado ananyonya. Yule wa kicheko kama pawatila inayogoma kuwaka. Yule ambaye kijana wake ni "mratibu", binti yake ni "mjumbe", shemeji yake ana malori ya mafuta na sheli tatu, na nadhani hata mbuzi wake wa beberu yumo kwenye bodi fulani. Eeh, huyo huyo.

Leo kaja kijijini kwetu. Kwa wasiojua, sisi tuko huku Mtwara, ukipanda mnazi mrefu kidogo unaona visima vya gesi. Gesi imegunduliwa 1982, bi mkubwa wangu, yaani mama, ndo kwanza katoka unyagoni. 2013 tulipoimba gesi haitoki tulikula mabomu ya machozi mpaka kuku wakawa wanafuta macho, jeshi likaingia mjini. 2015 bomba likazinduliwa, gesi ikaenda zake Kinyerezi kwenye mitambo ya umeme, huko Dar mnapoza maji kwenye friji. Sawa, tukanyamaza. Tuliambiwa Mtwara itakuwa Dubai, mpaka leo tulichopata cha Dubai ni mchanga.

Sasa leo. Akina mama wameitwa uwanja wa shule saa 12 asubuhi, wavae kanga sare, mheshimiwa anagawa mitungi ya gesi, nishati safi, tuachane na kuni. Bi mkubwa kaoga toka usiku. Mheshimiwa katokea saa 8 mchana na V8 saba, vumbi lote tumelila sisi. Hotuba saa nzima ya mambo ambayo hata yeye alikuwa anasoma kwa kushangaa. Ndo MC akaita jina la bi mkubwa, wa kwanza kabisa.

Wakuu naomba mnisikilize hapa. Mzee akauinua ule mtungi kwa VIDOLE VIWILI. Nikasema moyoni, umri ule bado ana nguvu hivi? Kumbe. Akaupiga kwa kiganja, ngo ngo ngo, kama mtu anayechagua tikiti maji, akasogea kwenye spika: "Mama, gesi yenu imerudi nyumbani!" Halafu kile kicheko. Vigelegele, na mie mjinga mmojawapo nilipiga makofi. NILIPIGA MAKOFI wakuu!

Kufika nyumbani bi mkubwa kaita majirani, kaosha sufuria, kafungua kile kitasa. Kimya. Hata harufu. Tumetikisa, tumelaza, jirani mmoja akashauri tuuanike juani kwanza. Mtupu! Mweupe! Ngo ngo ngo!

Nikawasha boda nikawakuta bado wanakula pilau ofisini kwa kijiji. Kijana wa mheshimiwa, yule mratibu, viatu vyeupe kwenye udongo wetu mwekundu, akaniambia bila kuacha kutafuna: "Mtungi ni wa mheshimiwa, gesi ni ya mwananchi." Nikauliza sasa nitajaza wapi? Akanipa kadi ya duka la mjini. Duka la nani? La SHEMEJI. Kujaza 24,000.

Imerudi nyumbani. Yaani gesi ipite chini ya miguu yetu inanguruma kwenda Dar, halafu tuletewe bati lenye stika ya sura yake, "imerudi nyumbani"! Nimetaka kubandua ile stika, bi mkubwa kakataa, kasema mwache hapo hapo, awe anatuchungulia tunavyopika na kuni za mkorosho. Sasa mtungi upo kona ya sebule umefunikwa kitambaa cha kudarizi, juu yake kuna redio. Na redio hapo hapo taarifa ya habari inasema wananchi wa kusini wameipokea gesi kwa shangwe. NGO NGO NGO!!

Chaji 4%.

Sufuria_Jeusi

Bila picha ya mtungi uzi ni batili.

Dogo wa Chikongola

Huyo mzee mie namjua, alikuja kwetu na mipira ya vijana. Haikuwa na upepo. Pampu tukaambiwa ipo dukani. Sikuuliza duka la nani.

mama ntilie og

Hahahaha jamani "tuuanike juani kwanza" nimemwaga uji wa wateja. Pole sana kaka ila majirani zako nawapenda bure.

Mzalendo Halisi 01

Mleta mada punguza jazba. Serikali ina mkakati wa nishati safi wa 2024 hadi 2034, ifikapo mwaka huo asilimia 80 ya Watanzania watakuwa wanapikia nishati safi. Mtungi umepewa bure, unataka uje upikiwe na ubwabwa? Kijana wa mheshimiwa kupata nafasi ni sifa zake, kasoma nje. Mnachonga sana huku wenzenu wanachapa kazi.

Dogo wa Chikongola

^^ Buku saba ya kumtetea mheshimiwa imeingia mapema leo.

Sufuria_Jeusi

Kasoma nje ya darasa.

Kibarua wa Mnazi Bay

Nimepata umeme kwa jirani. Wewe Mzalendo nikuulize, hiyo asilimia 80 bi mkubwa wangu yumo? Maana mtungi anao! Wakija kuhesabu wataona mtungi, watatiki. Hapo ndo nimeelewa mchezo wote, picha imepigwa, kashahesabiwa, kuni anaendelea nazo. Vidole viwili mkuu. Kauinua kwa vidole viwili mbele ya mamia ya watu na hakuna hata mmoja aliyeshtuka!

Fundi Bomba Mstaafu

Naomba kuweka sawa kitaalamu kidogo. Watu wanachanganya. Inayotoka Mnazi Bay na Songo Songo ni gesi asilia, sehemu kubwa methane, inasafishwa kwenye mitambo ya Madimba na ya Songo Songo kwenyewe, kisha inasukumwa kwenye bomba, nyingi inaishia kufua umeme na viwandani. Zipo nyumba chache Mtwara na Lindi zimeunganishwa kwa bomba. Ila ya kwenye mitungi ni LPG, propani na butani, tunaagiza nje inakuja na meli. Hivi ni vitu viwili tofauti. Kwa hiyo hata huo mtungi ungekuwa umejaa, mheshimiwa hakuwa sahihi. Gesi hiyo haijarudi nyumbani, ingekuwa imekuja kutembea tu.

mama ntilie og

😂😂😂 imekuja kutembea na haijafika.

Kibarua wa Mnazi Bay

Asante mzee wangu Fundi, sasa umenizidishia. Yaani hata UONGO WENYEWE ulikuwa mtupu!

Mzee wa Likong'o

Nyie angalau mmepata chombo. Sisi huku Lindi mradi wa LNG, ule wa kuigeuza gesi asilia kuwa kimiminika, tunausikia toka 2014. Wakaja wakathamini mashamba, tukaambiwa msipande mti wa kudumu, eneo la mradi. 2022 wakasaini makubaliano ya awali kule Dodoma, watu wakachinja mbuzi. Mie nimekaa na miche yangu ya minazi kwenye viroba mpaka imetoboa viroba. Na kila mkutano anayekuja kutuelimisha ni mtoto wa fulani, mwaka huu mtoto, mwaka kesho mpwa, tunawaona wanavyokua kama wajukuu zetu. Mmoja alikuja kachumbia, akarudi na pete, juzi kaja na mtoto mgongoni mwa yaya.

Bin Chongoleani

Karibu Tanga. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia mlangoni kwetu. 2017 marais wawili wamekuja kuweka jiwe la msingi, nilikuwepo, nilisimama juani na bendera. Mpwa wangu kaomba kazi ya ulinzi tu, kukaa kwenye kibanda! Akaambiwa wanataka uzoefu wa miaka 5 kwenye bomba la mafuta la kupashwa joto. Bomba lenyewe ndo lilikuwa linajengwa! Huo uzoefu kaupate wapi, kwenye chupa ya chai? Kazi kapata kijana mmoja amekuja na gari la baba yake, na gari lina namba za serikali.

Sufuria_Jeusi

Bado nasubiri picha ya mtungi.

Kaka Mkubwa Lodwar

Nyinyi watu wa Bongo mnalia na mtungi? Sisi huku Turkana, Kenya, mafuta yalipatikana kisima cha Ngamia 1 mwaka wa 2012. 2018 malori yakaanza kubeba kwenda Mombasa, watu wakafunga barabara juu ya usalama, tukaahidiwa askari. 2019 meli ikabeba mapipa zaidi ya elfu 200, serikali ikasherehekea. Sheria ya 2019 inasema asilimia 5 ni ya jamii. Jamii ni mimi. Mimi sijaona hata asilimia moja ya hiyo tano. Wamama bado wanachimba mchanga wa lagga, mto uliokauka, kutafuta maji. Na ukiuliza tenda za kusafirisha wamepewa nani, unaambiwa ni "local content", yaani wenyeji wapewe kazi. Local ya wapi, Nairobi? Kila jina unalosikia baba yake alikuwa mkubwa fulani tangu enzi za zamani. Nyinyi hata mmeletewa kitu ya kupiga ngo ngo.

Mwanahistoria wa Kijiweni

Wadogo zangu hamjaona kitu. Angola, 2016, rais alimteua binti yake wa kumzaa kuongoza Sonangol, shirika la mafuta la nchi. Mwaka uliofuata kaingia rais mpya, huyo Lourenço, akamtoa. Guinea ya Ikweta baba yuko ikulu toka 1979, mtoto ndo makamu wa rais, mahakama ya Paris ilimtia hatiani 2017 kwa ubadhirifu, na dogo alikuwa ananunua hadi glovu ya Michael Jackson. GLOVU. Moja. Hiyo ndo pesa ya mafuta inavyoliwa na familia. Yenu hii ya shemeji na duka la gesi ni chekechea.

Dogo wa Chikongola

Kwa hiyo tumshukuru kwa kutuibia kidogo? Mkuu ulikuwa unatutetea au unatuchongea?

Mzalendo Halisi 01

Mnaona sasa? Hata nchi nyingine zipo hivyo. Acheni kuichafua nchi.

Dereva wa Noah

Jamani acheni mambo ya mitungi na glovu, kuna watu tuna matatizo ya kweli humu. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi bei kikomo ya mafuta ikitoka mie napandwa presha. Dunia ikipandisha, hapa inapanda siku hiyo hiyo. Dunia ikishusha, tunaambiwa shehena bado ni ya zamani. 2023 tulipanga foleni na madumu, sheli inasema mafuta hakuna, bei mpya imetangazwa usiku, asubuhi mafuta yapo! Yamenyesha? Wenye sheli ni kina nani hamuwajui? Halafu abiria wangu wa nauli ya 2,000 ananiambia nimemuibia. Na yule jamaa wa kituo cha njia panda anayetupunja kwenye pampu, siku yake inakuja.

mama ntilie og

Nauli mmepandisha wenyewe kaka, mafuta yakishuka mbona nauli haishuki? Nyie na hao wa sheli lenu moja.

Dereva wa Noah

Wewe sahani ya wali maharage umepandisha mara ngapi?

mama ntilie og

Mie gesi napanda nayo bei, unafikiri nashukia wapi!

KoroshoGhafi

Gesi gesi gesi, hakuna anayekula gesi. Sie korosho. 2018 jeshi likaja na malori, bei 3,300 kwa kilo, tukarukaruka. Kuna watu hela waliisubiri mpaka magunia yakasahau umbo. Na sulfa je, ile dawa ya mikorosho, mwaka jana umepata mifuko mingapi? Mie kwenye orodha nimeandikwa nimechukua 20, nilichobeba ni 6, hizo 14 kazichukua nani kwa jina langu? Mwenye kujua sahihi yangu anitumie niione na mie.

Mzee wa Likong'o

Hilo la sulfa fungua uzi wake, tutakuja wengi. Mie nimeandikwa nina ekari 40. Nina mikorosho 11, na mmoja umekauka.

Bin Chongoleani

Na mkonge msiusahau.

Kibarua wa Mnazi Bay

Wakuu naomba turudi kwenye mada. Nilikuwa nasema alivyouinua kwa vidole viwili

KoroshoGhafi

Tushaelewa mkuu, vidole viwili. Kwanza huko kwenu mnada wa mwisho wa korosho ulisomaje?

Sufuria_Jeusi

Mleta mada, huo mtungi ni wa kilo 6? Una jiko lake la juu?

Kibarua wa Mnazi Bay

Kilo 6. Jiko la juu lipo, jipya kabisa, halijawahi kuona moto.

Sufuria_Jeusi

Unauzaje? Nipo Masasi, naupitia hata kesho.

Kibarua wa Mnazi Bay

30,000. Ila bi mkubwa anasema redio haiuzwi.

Sufuria_Jeusi

25 na nauli juu yangu. Stika ubandue kwanza.